Kinanda Kifuate Goti

Kinachogombaniwa ni vibao viwili vya mninga, kila kimoja hakizidi urefu wa sahani ya wali, vilivyofungwa kwa boliti chini ya kinanda cha kanisa letu. Mimi ndiye niliyevifunga. Kamati inataka vitolewe na kinanda kirudi "kama kilivyoletwa". Nimeombwa kwa upole, nikaombwa kwa ukali, mwisho ikaja barua yenye mhuri, ikasomwa mbele ya watu baada ya matangazo. Kwa kuwa barua ilisomwa hadharani, na jibu nalitoa hadharani: sivitoi.

Kanisa letu liko magharibi ya Tabora mjini, kando ya njia iliyopitwa na misafara ya pwani kwenda Ujiji. Kinanda chetu ni cha zamani, cha kukanyaga. Hakihitaji umeme. Miguu miwili inakanyaga vikanyagio kwa zamu, mivukuto inavuta hewa, hewa inapita kwenye ndimi nyembamba za shaba, na ndimi zinalia. Wazee wanasimulia kwamba kilishushwa stesheni ya Tabora kikiwa ndani ya sanduku, kikamaliziwa safari kwa gari la ng'ombe.

Sasa, chini ya vibonyezo, pale magoti yanapokaa, kinanda hiki kina nyenzo mbili za mbao zenye kimto cha kitambaa. Kwaya yetu inaziita mabawa. Bawa la kulia, ukilisukuma kwa goti kwenda nje, linafungua vibao vinavyofunika ndimi, na sauti inakua taratibu kama mtu anayefungua dirisha. Bawa la kushoto, ukilisukuma nalo kwenda nje, linaamsha ndimi zote kwa pamoja, na kanisa linajaa. Mikono iko kwenye vibonyezo na miguu iko kwenye vikanyagio, kwa hiyo pa kuamrisha sauti pamebaki magotini tu. Anayepiga bila mabawa anapiga wimbo mzima kwa sauti moja, Kwaresima na Pasaka sawasawa.

Rudi kwenye maneno mawili niliyoyasema: kwenda nje. Mpigaji anayataka mabawa yote mawili, basi apanue magoti. Mwanamume mwenye suruali ndefu na kanzu ya kwaya hafikirii jambo hilo hata mara moja. Msichana mwenye sketi, aliyekaa akiwaelekea waamini kwa ubavu, analifikiria tangu anapoamka.

Nilikuwa na miaka 13 mwalimu wa kwaya aliponifundisha. Mwalimu yule, Mungu amrehemu, alikuwa hajali nani ni mvulana nani ni msichana. Alijali nani anahesabu vizuri. Nilijifunza mkono wa kulia, nikajifunza wa kushoto, nikajifunza kukanyaga bila kuchoka. Jumapili ya kwanza niliyopewa nipige wimbo wa kutoa sadaka nilisukuma bawa la kulia pale mwalimu aliponifundisha, na sauti ikafunguka, na nikajisikia kama nimeinua paa. Baada ya Misa mzee mmoja aliniita nje, chini ya mwembe. Nikamwamkia. Akaitikia vizuri, "Marahaba, mwanangu," kisha akasema, "Umepiga vizuri. Lakini binti hakai vile mbele ya altare."

Hakunikaripia. Afadhali angenikaripia. Aliniambia kwa huruma, kama mtu anayekuambia umezaliwa na ugonjwa. Wiki iliyofuata kiti alikaa mvulana aliyekuwa hajui hesabu. Mimi nikarudi kwenye sauti ya kwanza, na nikaamini kwa miaka mingi kwamba tatizo ni magoti yangu.

Aliyenitoa kwenye imani hiyo hakuwa padri wala mwalimu. Ilikuwa cherehani.

Mimi ni fundi cherehani. Nilianza na cherehani ya kukanyaga barazani kwa watu, baadaye nikaajiriwa mahali penye mashine kubwa za umeme, zile zinazoshona suruali za sare kwa mamia. Mashine hizo nazo zina wenzo wa goti. Ukiusukuma kwa goti la kulia, kile kiguu kinachobana kitambaa kinanyanyuka, na mikono yako inabaki huru kugeuza pindo. Siku ya kwanza nilihangaika. Kimto kilikuwa kinanigonga pajani, maana mimi ni mfupi na aliyekaa pale kabla yangu alikuwa mrefu. Msimamizi alinitazama dakika moja, akacheka, akaniletea spana. "Dada, unahangaika nini? Legeza hapo, kisogeze mpaka kikutane na goti lako, kaza."

Legeza, sogeza, kaza. Maneno matatu. Nilikaa kwenye ile mashine nikitaka kulia, na wenzangu wakadhani nimechomwa sindano. Mahali pa kazi, penye haraka na pesa, hakuna aliyewaza kwamba goti langu ndilo lenye kosa. Mahali pa sala ndipo nilipoambiwa hivyo.

Huo ndio msimamo wangu wote, na yaliyobaki ni ushahidi. Chombo kinachotumiwa na mwili wa mtu kipangwe kumfuata mtu. Anayekataa chombo kisiguswe, kisha akamfukuza mtu kwa sababu hakitoshi, hatunzi chombo. Anatunza orodha ya wanaoruhusiwa kukikalia.

Ninaambiwa hizo ni fikra za kisasa, za simu. Basi twende nyuma, kwenye njia hii hii inayopita mbele ya kanisa. Burton na Speke walifika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, mwaka 1857, na Burton aliandika kwa kirefu jinsi wapagazi walivyobeba. Marobota ya kitambaa yalifungwa kwa vijiti vilivyotokeza upande mmoja, ili mpagazi akipumzika auegemeze mzigo kwenye mti na kuutwaa tena bila kuinama. Wanyamwezi walizoea kubeba begani. Watu wa pwani wengi walibeba kichwani. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama kilo 30, na kabla msafara haujaondoka watu waligombana siku nzima juu ya nani anabeba nini na kimefungwaje. Mnyapara mwenye akili aliwaacha wagombane. Alijua kwamba mzigo usiomkaa mtu utatupwa porini siku ya tatu, au mtu mwenyewe atatoroka usiku. Babu zetu walitembea miezi kutoka hapa hadi Bagamoyo kwa kanuni hiyo: mzigo ufungwe kumfuata mbebaji. Hakuna aliyesema robota ni takatifu, bega ndilo likatwe.

Wamisionari wa Afrika, wale White Fathers, walipita njia hiyo hiyo. Msafara wao wa kwanza uliondoka Bagamoyo mwaka 1878. Baadaye wakaweka vituo Kipalapala, Ushirombo, Ndala. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, vitu vizito vikaanza kuja bila mabega ya watu, na ndipo vyombo kama kinanda chetu vikawezekana. Kwa hiyo anayeniambia "kirudi kama kilivyoletwa" namuuliza: kililetwa kikiwa kimefungwa ndani ya sanduku. Tukirudishe sandukuni?

Na kinanda chenyewe, ukoo wake hauna asili moja iliyogandishwa. Kilianzia Ulaya katika karne ya 19, kikiwa samani ya sebuleni, mpigaji amekaa kwenye kiti. Kilipofika India kilikutana na watu wanaopiga muziki wakiwa wamekaa sakafuni. Watu hao hawakununua viti. Katika miaka ya 1870, fundi wa Calcutta aitwaye Dwarkanath Ghose alikiondolea vikanyagio, akahamishia mvukuto nyuma ili upepewe kwa mkono mmoja na vibonyezo vipigwe kwa mwingine. Kikawa kidogo, chepesi, cha sakafuni, na hicho ndicho kilichovuka bahari na kuingia kwenye taarabu ya pwani yetu. Bibi harusi wa Mombasa na Tanga aliimbiwa kwa chombo cha Mzungu kilichopangwa upya na Mhindi kwa ajili ya makalio yaliyokaa chini. Je, ni chombo kilichoharibiwa? Mwenye ujasiri akawaambie wapenzi wa taarabu.

Mfano mwingine nimeupata kwa mpwa wangu anayeishi Marekani, aliyenionyesha kwenye simu gita ambalo sikuwahi kuliona. Wanaliita pedali stili. Linalala kama meza. Mpigaji anateleza kipande cha chuma juu ya nyuzi, na ndilo linalotoa ule mlio wa kulia unaosikika nyuma ya nyimbo za kantri ambazo wazee wetu walizipenda sana redioni. Chini yake kuna pedali za miguu na, sikiliza vizuri, nyenzo za magoti. Goti likisukuma wenzo, uzi fulani unapanda au unashuka nusu sauti. Ziko za kusukuma kushoto, za kusukuma kulia, na ziko za kunyanyua kwa goti kwenda juu.

Liko hata la aina wanayoiita yunivasali, la nyuzi 12, linalojumlisha kwenye shingo moja mipangilio miwili ambayo wengine huiweka kwenye shingo mbili. Wenzo mmoja unashusha nyuzi za E kwa nusu sauti, na hapo gita linageuka kuwa la mpangilio wa pili. Mpigaji anaweza kuushikilia wenzo huo kwa goti wimbo mzima. Basi fikiria: wenzo wa kushikiliwa dakika nne ukiwekwa mahali pasipofaa, mguu unakufa ganzi na pedali zinakosewa. Kwa hiyo wapigaji wake wanabishana usiku kucha: wenzo huo ukae goti lipi, uelekee wapi, usimzuie mguu upi. Kila mmoja ana karatasi yake inayoonyesha kila pedali na kila wenzo unafanya nini kwenye uzi upi, na mafundi wanaunda kwa kufuata karatasi hiyo. Hata mpangilio wa pedali za mwanzo uko wa namna mbili zinazopingana kushoto na kulia, na zote mbili zinaitwa kwa majina ya wapigaji, Buddy Emmons na Jimmy Day. Wapigaji wawili hawakukubaliana, basi vyombo vikaundwa vya namna mbili. Muziki haukufa.

Nilipoona hayo niliamua. Lakini nisijisifu, maana mara ya kwanza nilikosea. Niliiga ule wenzo wa kunyanyua kwa goti. Nilichonga kibao cha mninga, nikakining'iniza juu ya goti la kulia, nikakiunganisha na bawa la zamani kwa waya wa breki ya baiskeli ili kikinyanyuliwa kilivute bawa kwenda nje. Kwenye karatasi kilikuwa kizuri. Nilipoanza kukanyaga, aibu. Kwenye gita lile goti linatulia mpaka uliamuru. Kwenye kinanda chetu miguu inakanyaga bila kupumzika, na kila goti linapopanda linagonga kibao. Sauti ikawa inavimba na kunywea kama mgonjwa wa pumu. Kwaya ilicheka mpaka ikakaa chini.

Ndipo nikaelewa: kukanyaga kunapeleka goti juu na chini, basi amri lazima iende upande, na upande ulio huru ni wa ndani. Nikaning'iniza vibao viwili katikati, kati ya magoti, kila kimoja na kimto chake. Goti la kulia likibana ndani, waya unavuta bawa la kulia kwenda nje, sauti inakua. Goti la kushoto likibana ndani, ndimi zote zinaamka. Vimto nimevifunika kitambaa kinachoteleza, goti lipande na kushuka bila kukwaruza. Kila kibao kinashikwa na boliti mbili kwenye mfereji, unashusha au kupandisha kulingana na mpigaji. Sikutoboa tundu hata moja kwenye mbao ya kinanda; nimetumia vibano. Mabawa ya zamani yako palepale, yanafanya kazi palepale. Mwenye suruali akitaka kuyatumia, ayatumie.

Sasa anapiga binti wa miaka 15. Anakaa magoti yakiwa pamoja, kama alivyofundishwa kukaa na bibi yake, na kadiri anavyoyabana ndivyo kanisa linavyojaa sauti.

Hoja dhidi yangu ziko nne, na nitazijibu kwa heshima.

Ya kwanza: ni chombo cha kale, kisiguswe. Nakubali kwamba vitu vya kale vina haki. Ndiyo maana nilitumia vibano. Lakini kitu cha kale kisichopigwa ni kabati. Ndimi za shaba zisipopitiwa na hewa zinajaa vumbi na kutu, na ngozi ya mvukuto inakauka na kupasuka. Kinachokilinda kinanda hiki ni miguu inayokikanyaga kila wiki, hata kama ni miguu mifupi.

Ya pili ndiyo yenye nguvu kuliko zote, nami sitaificha: mpigaji mgeni akija kutoka parokia nyingine, asikute chombo kigeni. Ni kweli, desturi moja inasaidia watu wengi, na mpigaji aliyesafiri hataki mafumbo. Kama vibao vyangu vingemzuia, ningevitoa leo. Lakini mabawa ya zamani hayajaguswa, na vibao vinatoka kwa spana moja kabla maji ya chai hayajachemka. Tena tuhesabu. Mgeni anakuja mara moja kwa mwaka, wakati wa kipaimara. Wasichana wa kwaya wako hapa Jumapili 52. Tunampangia nani?

Ya tatu: tuachane na hiki, tununue kinanda cha umeme. Wanaosema hivi ni vijana na nawapenda. Cha umeme ni chepesi, kina sauti mia. Lakini umeme ukikatika katikati ya Utukufu, kinanyamaza, na cha kwetu kinaendelea. Na kile kina ngoma zake ndani, anayekipiga akibonyeza kitufe kwaya nzima inakimbizwa na mdundo usioona mtu amechoka wala amekosa pumzi. Kama mnakinunua, nunueni, nitachangia. Ila msikinunue ili kuukimbia mjadala wa magoti, maana nacho kitakuja na kanyagio la sauti, na siku moja mtu atasema binti havai viatu vile mbele ya altare.

Ya nne ni ya liturujia: kinanda ni kitakatifu. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika hati ya liturujia ya mwaka 1963, ulikiheshimu sana kinanda cha mabomba, kisha ukaruhusu vyombo vingine, mradi vifae kwa ibada, viendane na heshima ya hekalu, na viwajenge waamini. Hati hiyo hiyo ilitaka muziki wa watu wa nchi za misioni upewe heshima yake. Mwaka huo huo Padri wetu Stephen Mbunga alitoa kitabu kizima juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Watu wazima wamekwisha kujadili kama ngoma iingie kanisani, na imeingia, na kayamba zimeingia. Sisi tunakwama kwenye vibao viwili vya mninga? Hati inauliza kama waamini wanajengwa. Haijauliza goti linasukuma upande gani.

Yule mzee wa chini ya mwembe alishafariki. Nilimshonea suti ya mwisho mimi mwenyewe, na sikuwa na kinyongo mkononi. Hakuwa mtu mbaya. Aliona msichana na kinanda havipatani, akamtoa kilicho rahisi kutoa. Msichana anatoka kwa neno moja, kinanda kinataka spana. Hilo ndilo kosa ninaloliomba Kanisa langu, na shule zetu, na ofisi zetu, lisilirudie: kumtoa mtu kwa kuwa ni rahisi kuliko kulegeza nati.

Kamati inakutana Jumamosi. Wakipiga kura vibao vitoke, sitapigana nao. Kinanda si cha kwangu. Lakini sitavitoa kwa mkono wangu. Atakayevitoa afanye hivyo Jumapili, baada ya Misa, yule binti akiwa amekaa kwenye kiti, na amwambie yeye mwenyewe kwa nini. Spana ni namba 10. Iko kwenye droo ya cherehani yangu, na mlango wangu uko wazi.